Obuntubulamu

Obuntubulamu ni neno la Kiganda linalotaja kwa pamoja sifa zinazomfanya mtu awe mtu hasa: huruma, heshima, uaminifu, adabu, subira na moyo wa kuwajali wengine. Hutumika Uganda ya kati, na zaidi jijini Kampala, ambako Kiganda ndiyo lugha ya soko, ya teksi na ya redio hata kwa wakazi wengi wasio Waganda. Mwenye sifa hizo huitwa omuntumulamu, na wingi wake ni abantubalamu. Katika Kiswahili neno lililo karibu nalo ni utu. Huandikwa pia kwa maneno mawili, obuntu bulamu.

Asili na muundo

Neno lina sehemu mbili. Ya kwanza ni obuntu, linalotokana na omuntu (mtu). Kiambishi obu- hufanya kazi ileile ya u- ya Kiswahili katika utu, utoto na uzuri. Ya pili ni -lamu, kivumishi chenye maana ya hai, zima, lenye afya. Omuntu omulamu ni mtu aliye hai, au asiyeumwa. Obulamu ni uhai na pia ni afya, ndiyo maana mambo ya afya nchini Uganda hutajwa kwa Kiganda kuwa eby'obulamu. Obuntubulamu basi ni utu ulio hai, usio na ugonjwa. Mswahili ataikaribia maana hiyo kupitia neno mzima, ila ajihadhari: mtu mzima wa Kiswahili ni aliyekwisha kukua, ilhali omuntumulamu anaweza kuwa mtoto wa miaka 7. Lipo pia neno mulamu lenye maana ya shemeji, ambalo baadhi ya Waswahili wanalijua kama mlamu. Hilo ni neno jingine.

Kisarufi neno hufuata kanuni za kawaida. Husemwa alina obuntubulamu (ana utu), lakini talina buntubulamu (hana utu), kwa kuwa irabu ya mwanzo hudondoka baada ya kitenzi cha kukanusha. Mgeni anayejifunza lugha mitaani huenda akalizoea umbo hilo fupi kabla ya lile refu, maana watu hulitaja neno hili hasa pale ambapo jambo lenyewe limekosekana.

Kiganda kimebahatika kuandikwa mapema na kuandikwa vizuri. Biblia nzima ilipatikana mwaka 1896, tahajia sanifu iliafikiwa mwaka 1947, na kamusi zikafuatana: ya Mulira na Ndawula (1952), ya Snoxall (1967), ya Murphy (1972), kisha Enkuluze y'Oluganda ey'e Makerere (2007), inayofafanua Kiganda kwa Kiganda. Kuhusu desturi zenyewe, vitabu vya Sir Apolo Kaggwa, aliyekuwa Katikkiro (waziri mkuu) wa ufalme wa Buganda, na kile cha Michael Nsimbi juu ya majina ya Kiganda (1956) bado ndiyo machimbo makuu ya watafiti.

Sifa ya kuzaliwa au ya kufunzwa

Kiganda kina kivumishi -zaaliranwa, yaani cha kuzaliwa nacho. Lugha ya mama ni olulimi oluzaaliranwa. Kina pia ekitone, kipaji alichojaliwa mtu, kama sauti ya kuimba au wepesi wa mguu mpirani. Obuntubulamu halikai sawasawa katika kundi lolote kati ya hayo. Hakuna anayesifiwa kwa obuntubulamu kama anavyosifiwa kwa sauti yake, kwamba yeye kapewa na mwenzake kanyimwa. Kila mtoto wa mtu huhesabiwa kuwa amezaliwa na obuntu. Ule uhai wake, bulamu, ndio unaotegemea malezi.

Methali inayotajwa zaidi katika suala hili ni akakyama amamera tekagololekeka, kwamba kilichopinda wakati wa kuota hakinyooki tena. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Wazee wa Kiganda huitumia kuwahimiza wazazi, wala si kuwahukumu watoto, na tofauti hiyo ni ya muhimu: anayelaumiwa kwa mtoto asiye na obuntubulamu ni nyumba aliyotoka. Mtu mzima anayetenda ukatili naye hasemwi kuwa alizaliwa bila utu. Huitwa ensolo, mnyama, kana kwamba alikuwa na kitu akakitupa.

Matumizi Kampala

Mahali pa kwanza pa kulipima neno hili ni salamu. Mtu mwenye obuntubulamu hapiti penye watu kimya. Asubuhi atauliza wasuze otya, umelalaje. Kuanzia mchana osiibye otya, umeshindaje. Na kila swali hufuatwa na ssebo kwa mwanamume au nnyabo kwa mwanamke. Akimkuta mtu anafanya kazi, awe fundi viatu kando ya Luwum Street au mama anayefagia mlango wa duka Katwe, humwambia gyebale ko, shukrani kwa kazi. Hamfahamu, na kazi ile haimnufaishi kwa lolote. Anamshukuru kwa kuwa tu anafanya kazi, na mwenyewe hujibu kwa kumshukuru vilevile. Wageni wengi huiona desturi hii kuwa ndiyo uzuri wa Kampala, na ni vigumu kuwapinga.

Mahali pa pili, na pazito zaidi, ni msiba. Jirani akifiwa, mtu huenda. Husema kitalo, neno la pole lisilo na badala yake, huketi, hukaa kitambo, na hutoa amabugo. Asili ya amabugo ni vipande vya olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambavyo ndugu na marafiki walileta ili maiti afungiwe ndani yake. Utengenezaji wa kitambaa hicho ulitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Siku hizi amabugo karibu yote ni fedha. Penye lango la nyumba ya msiba huwekwa meza ndogo, na mtu mmoja aliyeaminiwa huketi na daftari la shule akiandika jina na kiasi, mstari kwa mstari: huyu shilingi 5,000, huyu 20,000, huyu 2,000. Jumla hutangazwa mbele ya watu. Daftari hilo hubaki kwa familia, na msiba ukihamia kwa jirani mwingine hufunguliwa tena ili ijulikane nani alikuja na nani hakuja. Mwenye kutoa 2,000 akakesha kwenye moto nje ya nyumba huhesabiwa kuwa ametenda obuntubulamu kuliko aliyetuma 200,000 kwa simu asionekane. Jambo hili husemwa waziwazi, na tajiri asiyezika wenzake anajua kwamba siku yake ikifika uwanja wake utakuwa na viti vingi vitupu.

Kutokana na mzigo huo, wakazi wa mitaa kama Bwaise, Kawempe na Ndeeba huunda vyama vya munno mukabi, rafiki wa wakati wa dhiki. Wanachama huchanga kidogokidogo, hununua masufuria makubwa, sahani, viti na maturubai, na chama huvileta bure kwa mwanachama aliyefiwa au anayeoza mtoto. Wengi wa waendeshaji wake ni wanawake. Vyama hivi havidai kabila: Mlugbara, Mnyankole na Mganda hukaa katika daftari moja, na kwa njia hiyo neno la Kiganda limekuwa mali ya jiji zima.

Mahali pengine ni barabarani. Kondakta wa teksi anayemrudishia abiria chenji aliyoisahau, dereva wa bodaboda anayemfikisha mgonjwa hospitali kwanza na kuuliza nauli baadaye, mwenye nyumba anayempa mpangaji aliyepoteza kazi mwezi mmoja zaidi: hawa huambiwa oli muntumulamu, wewe ni mtu kweli. Sifa hiyo ni kubwa kuliko asante. Kinyume chake, anayempita aliyegongwa na gari bila kusimama, au anayempiga picha badala ya kumwinua, husemwa talina buntubulamu, na hakuna tusi la soko la Owino linalouma kama hilo.

Sifa zinazohesabiwa

Wakitakiwa kuzitaja sifa zenyewe, wazungumzaji huanza karibu wote na empisa (adabu, mwenendo) na ekitiibwa (heshima, hadhi). Huongezwa ekisa (huruma), obwesigwa (uaminifu), obugumiikiriza (uvumilivu), obwetoowaze (unyenyekevu) na ensonyi, yaani haya inayomzuia mtu asifanye jambo la aibu. Usafi wa mwili na nguo nao umo.

Ekisaakaate

Ekisaakaate kwa asili ni uzio wa matete uliozunguka makazi ya mkuu katika Buganda ya zamani, na kwa kupanuka maana yake, makazi yenyewe. Familia zilipeleka watoto wao humo wakalelewe mbali na kudekezwa na mama. Waliobahatika zaidi walifika Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, wakatumika wakiwa abagalagala, vijana wa baraza. Walijifunza kusema mbele ya wakubwa, kunyamaza inapopasa, kubeba ujumbe bila kuupindisha. Wakuu wengi wa Buganda walianzia hapo.

Malezi hayo yalikusudiwa kuzaa utiifu, lakini yalizaa zaidi ya utiifu. Wengi wa Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga walikuwa vijana wa baraza hilohilo. Kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Watoto waliofunzwa kumheshimu mfalme kuliko mtu yeyote walimkatalia lililogusa dhamiri, na inasimuliwa kwamba walikwenda kufa bila kumtukana. Wahubiri wa Kampala, Wakatoliki na Waanglikana, huwatumia hadi leo wakieleza kwamba obuntubulamu si kukubali kila kitu.

Ufalme ulivunjwa rasmi mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya jeshi la Rais Milton Obote kuishambulia ikulu ya Mengo na Kabaka Mutesa II kukimbilia uhamishoni. Ulirejeshwa mwaka 1993, na Ronald Muwenda Mutebi II alitawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai. Tangu hapo Mengo, makao ya ufalme, imelitumia neno obuntubulamu kama nguzo ya kujijenga upya. Sylvia Nagginda, aliyeolewa na Kabaka tarehe 27 Agosti 1999 na kupata cheo cha Nnabagereka (malkia), alianzisha taasisi yake ya maendeleo, na mwaka 2007 akaufufua utaratibu wa ekisaakaate katika sura mpya: kambi ya watoto wa kike na wa kiume wa miaka 6 hadi 18, inayofanyika Januari wakati wa likizo ndefu katika shule moja iliyochaguliwa.

Kambini watoto huamka mapema, hutandika vitanda wenyewe na kufua nguo zao. Hufundishwa kumenya ndizi za matooke, kuzifunga kwa majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke, wavulana sawa na wasichana, jambo ambalo babu zao wasingelikubali. Husuka mikeka, hucheza ngoma, hujifunza koo na miiko yake, na husikiliza mazungumzo kuhusu kazi, fedha na afya. Watoto wengi wa Kampala waliolelewa kwa Kiingereza hupata hapo kwa mara ya kwanza mtu mzima mwenye muda wa kuwasahihisha Kiganda bila kuwacheka. Ni kazi ya kupongezwa, na matunda yake yanaonekana. Udhaifu wake ni kwamba kambi hulipiwa ada, hivyo mtoto wa kibarua wa Kisenyi haingii kwa urahisi.

Redio ya CBS, iliyoanzishwa na Mengo mwaka 1996, imelieneza sana neno hili, kupitia vipindi vya wazee, matangazo ya vifo na maongezi ya asubuhi. Serikali iliifunga Septemba 2009 wakati wa ghasia zilizofuata Kabaka kuzuiwa kuzuru Kayunga; ilirudi hewani Oktoba 2010.

Adabu, ukimya na upinzani

Kwa kuwa obuntubulamu huambatana na heshima, wenye mamlaka wamelitumia mara nyingi kuwanyamazisha walio chini yao. Historia ya Buganda ina kisa maarufu cha aliyekataa. Mwaka 1948 Semakula Mulumba, mwakilishi wa vuguvugu la kisiasa la Bataka jijini London, alialikwa chakula cha jioni na Askofu Cyril Stuart wa Kanisa la Anglikana Uganda. Badala ya kwenda, au kuomba udhuru kwa upole kama desturi ilivyotaka, alijibu kwa barua ndefu ya kumkataa na kumshutumu askofu, na barua hiyo ikasambazwa kwa wafuasi wake nyumbani. Katika Uganda ya wakati ule mambo mengi yaliamuliwa penye chai na chakula baina ya maofisa wa Kiingereza, maaskofu na wakuu wa Mengo. Mulumba aliona kwamba akishaketi mezani amekwisha kufungwa mdomo kwa adabu. Mwanahistoria Carol Summers, katika makala yake ya 2006, ameonyesha kwamba ufidhuli huo ulikuwa siasa iliyopangwa. Ghasia zilizuka Buganda Aprili 1949, na chama cha Bataka kikapigwa marufuku.

Stella Nyanzi, mtafiti na mwanaharakati, aliirejesha njia hiyo ya ufidhuli hadharani karne hii. Shairi lake la 2018 dhidi ya Rais Yoweri Museveni, lililowekwa Facebook, lilimfanya ahukumiwe kifungo mwaka 2019 kwa kosa la unyanyasaji wa mtandaoni; Mahakama Kuu ilimwachia Februari 2020. Wapo wakazi wa Kampala waliompenda na bado wakasema lugha yake haina obuntubulamu. Wapo waliojibu kwamba kuwanyima wanafunzi wa kike taulo za hedhi zilizoahidiwa, jambo alilolipigania, ndiko kukosa obuntubulamu. Hoja ya pili inaelekea kuwa karibu zaidi na maana ya neno, kwa sababu munno mukabi na amabugo humdai mkubwa kabla ya mdogo.

Kupiga magoti ni suala jingine. Msichana wa Kiganda hufunzwa kupiga magoti anaposalimu wakubwa, na wengi huiona alama hiyo kuwa ndiyo obuntubulamu wenyewe. Wanaopinga huuliza kwa nini mvulana haelekezwi vivyo hivyo. Profesa Sylvia Tamale wa Makerere, katika kitabu chake cha 2020 kuhusu kujikomboa kutoka ukoloni na ufeministi wa Kiafrika, hautupi utu wa Kiafrika. Anautaka uwahesabu wanawake kuwa watu kamili. Katika Kampala ya ofisini wengi wameafikiana kimya kimya: goti huteremka kidogo tu, na kwa wazee zaidi.

Katika siasa na sheria

Haki za binadamu kwa Kiganda ni eddembe ly'obuntu, uhuru au amani inayomstahili mtu kwa kuwa ni mtu. Mwanaanthropolojia Mikael Karlström, aliyefanya utafiti Buganda mwanzoni mwa miaka ya 1990, alieleza katika makala ya 1996 jinsi Waganda walivyoielewa demokrasia kwa maneno hayo, wakisisitiza mtawala anayesikiliza na raia anayeheshimiwa. Katiba ya Uganda ya 1995 haina neno obuntubulamu, lakini ibara yake ya 24 inalinda hadhi ya binadamu dhidi ya mateso na udhalilishaji, na lengo la kitaifa la XXIV linaruhusu kukuza tunu za kimila zisizopingana na haki za msingi.

Katika utafiti na huduma

Matumizi ya kuvutia zaidi ya miaka ya karibuni yametoka wilaya ya Wakiso, inayoizunguka Kampala. Watafiti wa kituo cha utafiti wa virusi Entebbe, wakishirikiana na wazazi, walimu na watu wenye ulemavu, walitengeneza mpango wa kuwaingiza watoto wenye ulemavu katika maisha ya kawaida ya shule na mtaa, wakauita Obuntu bulamu. Badala ya kuanza na mikataba ya kimataifa, walianza na swali ambalo kila jirani anaweza kulijibu: mtoto huyu ni mtu, je, mnamtendea kama mtu? Watoto husaidiana na watoto wenzao, wazazi na wazazi, walimu na walimu. Matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 2020.

Maneno ya jamaa moja

Shina -ntu limeenea katika lugha za Kibantu. Nchini Uganda, Runyankore na Runyoro zina obuntu. Kinyarwanda kina ubumuntu, na pia ubupfura kwa uungwana. Ubuntu wa Kizulu na Kixhosa ndio ulioshika umaarufu duniani, kupitia katiba ya mpito ya Afrika Kusini ya 1993, hukumu ya 1995 iliyofuta adhabu ya kifo, na Askofu Mkuu Desmond Tutu, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano. Tangu 2004 ni pia jina la mfumo wa kompyuta. Dani Nabudere, msomi wa Mbale aliyefariki 2011, aliandika juu yake kwa mtazamo wa Uganda.

Kwa Kiswahili, Ahmad Nassir wa Mombasa aliutungia utu utenzi mzima, na Kai Kresse amechambua fikra zake katika kitabu cha 2007. Shaaban Robert alimpa shujaa wa mojawapo ya riwaya zake jina Utubora.

Hali ya sasa

Neno linasikika kila siku Kampala. Gazeti la Bukedde hulitumia, mahubiri ya makanisa na misikiti hulitumia, na Katikkiro Charles Peter Mayiga, aliye madarakani tangu 2013, hulitaja katika hotuba zake kwa vijana. Nnabagereka ameendelea kulifanyia kampeni nje ya kambi za watoto, akiwaalika viongozi wa dini, wa shule na wa biashara. Kiswahili nacho, ambacho kwa miaka mingi kilihusishwa na kambi za jeshi, kinafundishwa sasa katika shule nyingi za Uganda, na utu limeanza kutajwa kando ya obuntubulamu katika mijadala ya redio.